Mtu Aliyepiga Magoti Chemchemini

Rebeka alinipigia simu nikiwa juu ya ngazi, katika korido ya hosteli ya wasichana hapa Mbulu, nikifunga taa za sensa, zile zinazojiwasha zenyewe mtu akipita. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ile ambayo mtu haoni mwisho wa uwanja, na vidole vyangu vilikuwa vimeshika ganzi kwa baridi. Namba sikuijua, lakini sauti niliijua kabla hajajitaja. "Dada Emiliana," alisema, "Mama ametutoka. Tumemzika juzi." Nilishuka polepole, nikaketi kwenye kipago cha chini kabisa cha ngazi, simu ikiwa bado sikioni, na kwa kuwa nilikaa bila kutikisika, taa niliyotoka kuifunga ikazimika juu ya kichwa changu. Sikuuliza kwa nini hawakuniambia kabla ya mazishi. Mtu ambaye hajafika kwenu kwa karibu miaka ishirini humpigii simu kwanza. Unampigia ukishamaliza kuwapigia wale wanaokuja. Nilimpa pole. Naye akanipa pole, akasema namba yangu mpya ameipata kwa watu wa stendi. Kisha nikasikia ng'ombe upande wake wa simu, na mwaka mzima nilioishi Dirma ukaniingia kifuani kwa pamoja, na harufu yake ya moshi na maziwa.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimemaliza ufundi wa umeme na sikuwa na kazi yoyote ya maana. Aliyeniokoa alikuwa Mwalimu Tluway, mzee aliyenifundisha fizikia sekondari kisha akastaafu. Mradi mmoja wa watafiti ulikuwa umemwajiri asimamie kamera za porini katika Wilaya ya Hanang. Zilikuwa kamera zinazojipiga zenyewe mnyama akipita mbele yake, na watafiti walitaka kujua ni wanyama gani wanakunywa kwenye chemchemi za uwanda na wanapita saa ngapi karibu na maboma ya wafugaji. Mwalimu alihitaji mtu wa kubadilisha betri, kutoa kadi za picha na kupanda miti, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamechoka. "Wewe ulikuwa hunielewi darasani," aliniambia, "lakini ulikuwa unauliza. Twende." Tukaondoka Mbulu na masweta yetu, tukashuka hadi Katesh, na tulipofika Dirma nilikuwa nimelifunga sweta langu kiunoni, vumbi limenijaa kwenye nyusi.

Siku ya kwanza tulikaribia kuondoka bila kufunga hata kamera moja. Mwalimu alisimama kwenye mkutano wa kitongoji akasema, "Tumekuja kufunga sensa." Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza, "Sensa si ilishapita? Tulihesabiwa sisi na mbuzi wetu." Watu wakacheka, lakini chini ya kicheko kulikuwa na wasiwasi, maana mtu anayehesabu huwa ana jambo analolitaka. Mwalimu hakukasirika. Aliomba kijinga cha moto kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akipika pembeni, akamwita yule mzee, akamwambia afumbe macho, kisha akakipitisha kile kijinga polepole mbele ya uso wake, kutoka shavu hili hadi lile. "Umejua kimepita?" "Nimejua." "Umekiona?" "Sijakiona." "Kilitoka wapi kikaenda wapi?" Mzee akaonyesha kwa mkono, kulia kwenda kushoto. "Basi hii sensa yangu ndivyo ilivyo," Mwalimu akasema. "Haitoi mwanga wala mlio. Haimfuati mtu. Imekaa tu kama shavu. Kila chenye damu ya moto kinatoa joto, nalo joto linasafiri kama mwanga, ila macho yetu hayalioni. Ndani ya hiki kidude kuna vipande viwili vinavyolihisi, vimelala ubavu kwa ubavu. Joto likigusa cha kwanza halafu cha pili, kinajua kuna kitu kimepita, na kamera inapiga. Visipohitilafiana, inalala."

Nimewaeleza watu wengi habari hiyo tangu wakati ule, wakuu wa shule, masista, wenye maduka, na sijawahi kuieleza vizuri kuliko alivyoieleza yeye kwa kijinga. Yule mama mwenye moto wake ndiye aliyeuliza swali la maana zaidi. "Na sisi je? Sisi nasi tuna damu ya moto." Mwalimu akakiri kwamba ndiyo, kamera itawapiga na watu. Lakini akaahidi mbele ya mkutano wote: picha yoyote yenye mtu itafutwa, haitaonyeshwa kwa yeyote, si kwa serikali wala kwa jirani. Kuifuta ilikuwa kazi yangu. Aliniita nisimame ili wanione, nami nikasimama, nikaitikia kwa kichwa.

Yule mama ndiye Mama Gidamis, nami nilipangiwa kulala kwake, kwa kuwa Mwalimu alipata chumba kwa walimu wa shule ya msingi na mimi nilikuwa mwanamke peke yangu. Alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye bangili za shaba mikononi ambazo zilinijulisha alipo kabla sijamwona. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni, akikitumia kwa uangalifu, neno baada ya neno. Aliishi na binti yake wa mwisho, Rebeka, ambaye alikuwa amesoma hadi darasa la saba na kubatizwa hukohuko shuleni, na ambaye alikuwa mkalimani wetu, mcheshi wetu na redio yetu. Nililala kwenye kitanda cha fito na ngozi katika chumba ambacho ukuta wake mmoja uligusana na zizi la ndama. Asubuhi niliamshwa na pumzi zao. Nilikula ugali wa mtama kwa maziwa ya mgando yaliyotoka kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa, maziwa yenye madoadoa ya kijivu na ladha ya moshi. Wiki ya kwanza nilikuwa nayameza kwa kufumba macho. Mwezi wa tatu nilikuwa ninaukung'uta mfuniko.

Kila mtu alimwita Mama Gidamis, na Gidamis mwenyewe sikumwona. Nilidhani yuko malishoni, halafu nikadhani yuko mjini. Jioni, nikiwa nimelala chali najaza daftari langu la betri, nilisikia kupitia ukuta mama na binti wakiongea kwa lugha yao, chini chini, na katika maneno nisiyoyaelewa jina lile likawa linarudi. Siku moja tukiwa tunachota maji nilimuuliza Rebeka. Akanieleza akiwa ameinama, bila kuinua uso. Kaka yake mkubwa alikuwa amelichukua kundi la baba yao mwaka wa ukame, akalipeleka upande wa Singida kutafuta majani, bila ruhusa. Ng'ombe wengi wakafia njiani. Aliporudi na wachache waliosalia, baba alimkuta mlangoni pa boma akamwambia asilikanyage tena maadamu yeye yu hai. Gidamis akageuka, akaondoka hapohapo na vumbi la safari miguuni. "Halafu baba akafa," Rebeka alisema. "Mwaka wa pili baada ya hapo. Tulituma watu Singida, tulituma hadi Manyoni. Hakuna aliyemwona. Hajui kwamba baba amekufa, dada. Huko aliko anajua boma limefungwa, na sisi tumelifungua, na hakuna wa kumwambia."

Tangu siku hiyo nilielewa kwa nini mama yule, kila akiitwa, alikawia kidogo kabla ya kuitika. Walikuwa wanamwita kwa jina la mtoto asiyekuwepo, mara ishirini kwa siku.

Kazi yenyewe niliipenda. Tulikuwa na kamera saba, na kila moja ilinifundisha adabu yake. Ile ya kwenye nyasi ndefu ilipiga mamia ya picha za hewa tupu, kwa sababu nyasi zilizopigwa na jua zikitikiswa na upepo nazo hupitisha joto mbele ya sensa. Ile niliyoielekeza moja kwa moja kwenye njia ilikuwa inawakosa fisi wanaokuja wakiikabili, mpaka Mwalimu akaniambia niigeuze wapite ubavu kwa ubavu mbele yake, maana mwenye kuja kwa kunyooka havuki kutoka kipande hiki cha sensa hadi kile. Na zote zilikuwa vipofu saa saba mchana, wakati ardhi ya uwanda inapokuwa na joto kama la mwili, swala akapita mbele ya kamera na sensa isione tofauti ya swala na jiwe. Ndiyo maana picha zetu nzuri zilikuwa za alfajiri na za jioni. Chemchemi iliyo chini ya migunga, dakika kumi kutoka kwa Mama Gidamis, ndiyo iliyotupa nyingi zaidi: nguruwe, bweha, chui mmoja aliyetufanya tushangilie kama watoto. Na watu. Watu niliwafuta haraka, kidole kwenye kitufe, jicho nimeligeuzia pembeni, kama mtu anayepita mlango ulio wazi wa chumba cha watu.

Asubuhi moja ya kiangazi nilikuwa kitandani na laptopu magotini, nafuta. Nikafika kwenye picha tatu zilizofuatana za mwanamume anayekunywa maji. Saa kumi na mbili na dakika chache, mwanga bado mchanga. Sijui ni kitu gani kilichokizuia kidole changu. Nadhani ni namna alivyokunywa. Wachungaji wa pale huchuchumaa wakateka kwa kiganja. Huyu alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja ameuegemeza chini, kichwa chini kama anayesali. Katika picha ya tatu alikuwa amesimama, mgongo kwa kamera, akitazama juu ya kilima, upande lilipo boma letu. Nikakumbuka kwamba mwezi uliopita nilimfuta mtu aliyepiga magoti hivyohivyo. Na pengine mwezi mwingine kabla ya hapo.

Nilikaa na picha zile siku nzima. Nilibadilisha betri, nikala, nikaosha miguu, na zilikuwa pale. Nilijua nilichoahidi. Nilijua pia kwamba nikienda kumuuliza Mwalimu, angesema hapana, naye angekuwa na haki. Kwa hiyo sikumuuliza. Alasiri nilimwita Mama Gidamis na Rebeka chumbani, nikafunga mlango, nikaigeuza laptopu.

Mama hakuwa amewahi kutazama kioo cha kompyuta. Mwanzoni aliona mwanga tu, akainamisha kichwa huku na huku. Kisha bangili zake zikanyamaza. Alinyoosha kidole kimoja, akagusa goti la yule mtu kwenye kioo. "Alipigwa teke na ng'ombe," alisema kwa Kiswahili, akinieleza mimi. "Akiwa mtoto. Hapa. Hawezi kuchuchumaa." Rebeka alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mama akauliza, "Ni lini hii?" Nikamwambia ni siku nne zilizopita. Akauliza tena, kana kwamba sikuelewa swali, "Siku nne? Mwanangu amekunywa maji hapa siku nne zilizopita, na mimi nilikuwa nakamua?"

Kuanzia kesho yake akawa anaamka kabla ya ndama na kwenda kukaa chemchemini. Alikaa siku kumi na moja. Gidamis hakuja, pengine alimwona kwa mbali akadhani ni mtego, pengine hazikuwa siku zake. Siku ya kumi na mbili mama hakuenda kukaa. Alitoa fimbo ya marehemu mume wake iliyokuwa imechomekwa kwenye paa juu ya kitanda chake, akaipaka mafuta, akaenda kuisimika kando ya maji, kwenye udongo mlaini. "Mzee akiwa hai," Rebeka alinifafanulia, "fimbo yake haikai mahali peke yake. Kila mtu hapa anajua. Hakuna atakayeigusa, ila mwenye haki nayo." Kisha tukangoja. Sijawahi kungoja kitu namna ile, hata watoto wangu mwenyewe. Kila asubuhi nilikwenda kutoa kadi na kila asubuhi fimbo ilikuwa pale, imesimama, na kwenye kadi kulikuwa na picha za kanga na tumbili tu.

Asubuhi ya tisa fimbo haikuwepo. Nilirudi mbio na ile kadi kiganjani. Tuliketi kitandani watatu. Picha ya kwanza, saa kumi na mbili na dakika tisa, anaingia kutoka kushoto. Dakika ya kumi, amepiga magoti, uso kwa fimbo. Tulimwona uso kwa mara ya kwanza, na mama akatoa sauti ndogo ambayo sijui niiandikeje. Picha iliyofuata ilikuwa ya saa kumi na mbili na dakika hamsini na moja. Yuko palepale, anainuka kutoka chini, mkono wake unaing'oa fimbo.

"Katikati hapa alikwenda wapi?" mama aliuliza.

"Hakwenda popote, Mama. Sensa haimwoni mtu asipotikisika. Alikuwa hapo. Alikaa dakika arobaini na moja hajatikisika."

Rebeka akatafsiri, ingawa sidhani kama ilihitajika. Mama aliikunja mikono yake mapajani. "Basi amejua," alisema.

Lakini kulikuwa na picha moja ya mwisho. Ilimwonyesha ameshika fimbo, anaondoka. Hakuwa anapanda kilima kuja kwetu. Alikuwa anarudi alikotoka, uwandani. Mama aliitazama mpaka kioo kikajizima chenyewe. 

Waliotuangusha hawakuwa maadui zetu. Ilikuwa ni furaha ya Rebeka. Alikaa na siri ile siku tatu, kisha akaimwaga mashineni, kwenye foleni ya kusaga: kaka yuko hai, tumemwona kwenye kompyuta ya Emiliana. Kufikia jioni kitongoji kizima kilikuwa kimejua kwamba picha za watu hazifutwi. Mkutano uliitishwa chini ya ukuta wa shule. Mwenyekiti hakupata nafasi ya kusema mengi, kwa sababu bibi mmoja mzee aliinuka, mtu ambaye nilikuwa namwamkia kila siku na kila siku alikuwa ananiitikia marahaba kwa upole. "Mimi huoga pale," alisema. "Binti zangu huoga pale. Mlituambia picha za watu zinakufa. Sasa tunasikia zinaishi. Tuambieni mmetuona mara ngapi." Hakupaza sauti. Alingoja ajibiwe.

Ningeweza kumjibu. Ningeweza kusema kwamba yao nilizifuta kweli, kwamba nilibakiza za mtu mmoja tu, na kwamba niliyezionyesha ni mimi. Sikuinuka. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wanafunzi, mikono katikati ya magoti, nikimtazama mende akipanda ukutani, nikawaza kazi, cheti, nauli ya aibu ya kurudi nyumbani. Mwalimu Tluway alikuwa anajua. Nilikuwa nimemwambia asubuhi ileile, naye alinisikiliza akiwa anavaa viatu. Sasa alisimama, akavua kofia. "Mama zangu," alisema, "shikamooni. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeamuru picha hizo zionyeshwe. Huyu binti alitii tu." Nikamwona Mama Gidamis, ng'ambo ya uwanja, ananitazama. Yeye alijua mlango wa kile chumba ulifungwa kwa mkono wa nani. Alinitazama muda mrefu, kisha akautoa uso wake kwangu taratibu, akautazama Mlima Hanang.

Kamera zilitolewa siku mbili baadaye. Nilizishusha mwenyewe, moja baada ya moja. Mwalimu aliandika barua kwa mradi na mkataba wake ukaishia hapo. Mimi nilihamishiwa kituo kingine, nikapewa barua ya sifa ambayo iliniwezesha kupata kozi, na kozi ikaniwezesha kupata kazi hii ninayoifanya hadi leo. Kwenye gari la kurudi nilimuuliza kwa nini alisema ni yeye. Alikuwa anatazama mashamba ya alizeti nje ya kioo. "Mimi nimestaafu," alisema. "Wewe hujaanza." Hatukulizungumza tena. Alilima viazi vyake kwa miaka michache, nikamtembelea mara moja nikiwa na kilo mbili za sukari, tukaongea habari za mvua. Siku ya mazishi yake nilisimama nyuma ya wanakwaya. Watu walitaja mema yake mengi, na lile moja halikutajwa, kwa sababu aliyelijua hakufungua mdomo kwa mara ya pili.

Usiku wa mwisho Dirma Mama Gidamis alinipikia kama kawaida. Hakunisema. Alinikatia sehemu yangu ya ugali, akanisogezea kibuyu, na nilipokuwa nakunywa akaniwekea kiganja kisogoni, kama wanavyomshika ndama anayejifunza kunyonya kwenye ndoo. Asubuhi alinisindikiza hadi njia panda. "Utarudi," alisema. Hakulisema kama swali.

Wiki sita baadaye Rebeka alinipigia kutoka juu ya kilima, mahali pekee palipokuwa na mtandao, akipiga kelele juu ya upepo. Gidamis amekuja! Siku ile aliondoka na fimbo kwa sababu alikuwa na mke na mtoto mchanga huko alikokuwa anachunga, mwendo wa siku nyingi, na hakutaka kuingia bomani peke yake kisha atoke tena. Alikwenda kuwaleta. Alifika asubuhi, fimbo ya baba yake mkononi, mke nyuma yake, na mama alikuwa anakamua, akaiacha ndoo ikapigwa teke na ng'ombe. "Njoo, dada! Mama anasema uje umwone mtoto." Nilisema nitakuja mwezi ujao. Mwezi ule nilikuwa na mtihani. Ulipopita mtihani nikawaza nitakaaje tena chini ya ule ukuta wa shule, nitamwamkiaje yule bibi. Nikasema baada ya mavuno. Nikaolewa, nikapata watoto. Mara mbili kwa mwaka kondakta wa basi alikuwa akiniletea kibuyu cha maziwa hadi stendi ya Mbulu, nami nilikuwa narudisha kibuyu kitupu na shuka au majani ya chai ndani ya mfuko, na salamu. Halafu nikabadilisha namba ya simu, kondakta akahama njia, na vibuyu vikakoma. Hivyo tu. Hakuna siku niliyoamua kutorudi.

Nilichokuwa nakitamani miaka hii yote si ujana. Nilitamani kile chumba cha ukuta wa ndama, zile sauti mbili zinazonong'ona lugha nisiyoijua, na kuwa mtu ambaye bado hajakaa kimya kwenye lile benchi. Nimefunga sensa kwenye ofisi, kwenye stoo za mahindi, kwenye vyoo vya benki. Wateja huniuliza kwa nini taa inawazimikia wakiwa wamekaa wanasoma, nami huwaambia watikise mkono.

Siku ya tatu baada ya simu ya Rebeka nilipanda basi la asubuhi. Mogitu ilipita na mahindi yake, Katesh nikachukua bodaboda. Dirma ina mtandao sasa. Kwenye nguzo za maboma kuna taa ndogo za sola zenye sensa, za kuwatisha fisi, na kijana wa bodaboda akanieleza zinavyofanya kazi, nami nikamsikiliza. Rebeka alinipokea njia panda. Amenenepa, meno mawili yameng'oka, na tulipokumbatiana alinuka moshi uleule. Akaniongoza hadi kaburini, tukasimama. Udongo ulikuwa bado haujatulia. Nilimwamkia mama, shikamoo, kwa sauti, kama nilivyokuwa namwamkia kila asubuhi.

Kisha tukapanda hadi bomani. Mwanamume mwenye mvi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu mmoja ameunyoosha mbele kwa kuwa goti halikunjiki vizuri. Nilikuwa namjua kuliko nilivyowajua baadhi ya ndugu zangu, na hatukuwa tumewahi kuonana. Rebeka akasema kwa Kiswahili, "Kaka, huyu ndiye Emiliana."

Hakuinuka mara moja. Alinitazama. "Mama alikuwa anatungoja wawili," alisema. "Mimi nilifika."

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Alinipa habari tu. Nikaanza kumweleza. Nilianza na Mwalimu Tluway, mkutano, benchi, maneno yakitoka bila mpangilio baada ya kukaa muda mrefu hivyo, mpaka akanyanyua kiganja kunituliza.

"Tunajua, dada. Mama alitusimulia. Alisema siku ukija tusikuulize lolote kuhusu hayo." Akajiegemeza kwenye nguzo, akainuka kwa shida, akasogea kando kunipisha. "Alisema tukuulize kama umekula."

"Sijala," nilisema.

Mlango wa nyumba ile ni mfupi. Nikainama, nikaingia.